Stoo ikijaa, usingizi unapotea: kisa cha mfanyabiashara aliyebomoa duka lake mara tatu

Kuhusu kisa hiki

Mwenye kisa ameridhia kiandikwe. Nimebadilisha mambo ya familia na baadhi ya miaka, na mji sitautaja. Nitamwita Bwana K., na mkewe Mama T. Mfuatano wa mambo nimeuacha ulivyokuwa, pamoja na maamuzi yangu, yakiwemo mawili niliyokosea.

Nawaandikia wanasihi wenzangu, wakufunzi wa ujasiriamali na viongozi wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Namwandikia pia yeyote aliyewahi kumtazama mtu makini akibomoa kwa mkono wake alichokijenga, akakosa la kusema zaidi ya "hana nidhamu".

Mteja na historia yake

Bwana K. alizaliwa katikati ya miaka ya 1970 kwenye kituo kidogo cha biashara, Tanzania Bara. Baba yake alikuwa na duka la reja reja. Yeye mwenyewe anauza vifaa vya ujenzi: saruji, mabati, nondo, rangi, misumari. Pombe hanywi na kamari hachezi. Duka hulifungua mapema, na daftari lake la mauzo lina mwandiko wa mtu anayejali kazi yake.

Aliletwa na mkewe mwaka 2021. Siku ya kwanza Mama T. alisema: "Baba T. si mvivu, wala si mlevi. Ila duka likishajaa, anaumwa. Likishaisha, anapona." Nililiandika neno hilo, kisha nikalipita. Miezi ilipita kabla sijalirudia.

Duka lilikuwa limeanguka mara tatu. Mwaka 2008 mtaji ulikua hadi fremu ikawa ndogo, akakodi chumba cha stoo. Ndani ya wiki sita alikuwa amewakopesha ndugu mabati bila maandishi, amempa mzigo kwa mali kauli, yaani alipe akishauza au kutumia, fundi mkuu asiyemfahamu vizuri, na kilichobaki amekiuza chini ya bei ya kununulia. Mwaka 2013 ilikuwa saruji. Aliitoa kwa hasara akisema itaganda stoo. Saruji ikikaa vibaya kwenye unyevu huganda kweli, kwa hiyo hakuna aliyembishia. Nimejifunza kuzitazama kwa makini sababu za namna hii, kwa kuwa kila moja ina ukweli ndani yake, na ukweli huo ndio unaoifanya ipite bila kuulizwa.

Anguko la 2018 nalieleza kwa tahadhari. Nusu ya hasara ile ilitokana na soko: mradi mkubwa wa ujenzi ulisimama na wateja wakatawanyika. Hilo lingempata yeyote. Nusu ya pili ilitokana na kumkabidhi ufunguo wa stoo kijana aliyekuwa amemfukuza kazi mwaka mmoja kabla, kwa wizi.

Kila alipoanguka alirudi kwenye meza ya misumari na bawaba, akajenga upya kwa uangalifu uleule. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Asiyejua biashara hawezi kulijenga duka la vifaa vya ujenzi mara tatu kutoka mezani.

Ndugu walisema ni chuma ulete, uchawi wa kunyonya fedha za duka. Alikuwa amekwenda kwa mganga mara mbili na kuombewa mara nyingi. Sikupambana na maelezo hayo. Yalimtendea haki kwa jambo moja: yalikubali kwamba yanayomtokea hayataki. Maelezo yangu ya mwanzo hayakumpa hata hilo.

Miezi mitatu ya nidhamu

Nilianza kama wengi tunavyoanza. Tulipanga bajeti, tukafungua daftari la madeni, tukaweka lengo la kujaza stoo ndani ya miezi minne, na kikundi chake cha VICOBA kikawa shahidi. Duka lilipanda haraka, nami nikaridhika.

Wiki ya kumi na moja alitoa mifuko 43 ya saruji kwa ujenzi wa jengo la kijijini kwao, kwa ahadi ya mdomo tu. Wiki hiyohiyo mabando manne ya mabati yakaenda kwa shemeji yake. Alikuja kwangu uso ukiwa umetulia.

"Nimelala, dada. Tangu mwezi uliopita sijalala hivi."

Niliuliza habari za mifuko. Akanijibu habari za usingizi. Nikauliza tena, akarudi kwenye usingizi. Alikuwa ananieleza jambo zima, mimi nikiwa bado natafuta stakabadhi.

Usiku ule nilisoma upya maelezo ya siku ya kwanza nikakutana na neno la Mama T. Tangu hapo nikabadili swali. Nikaacha kuuliza mtu huyu anapoteza nini kila duka linapoisha, nikaanza kuuliza anapata nini.

Tulichokiona usiku

Kwa wiki tatu nilimwomba aandike kila asubuhi mambo matatu tu: stoo ina nini, alilala saa ngapi na kuamka saa ngapi, na mwili ulihisi nini. Hakutakiwa kueleza sababu.

Daftari lile lilinifundisha kuliko mazungumzo ya miezi mitatu. Hela ya benki ilipoongezeka, alilala. Hela ya kwenye simu haikumsumbua. Bidhaa zilizopangwa mbele ya fremu, wazi kwa kila mpita njia, hazikumsumbua. Kilichomwamsha ni mzigo ulio nyuma ya mlango uliofungwa. Aliposikia kufuli likibana viganja vilitoa jasho. Saa nane usiku alikuwa macho, akisikiliza magari. Siku aliyouza mzigo wa stoo kwa haraka, kwa faida au kwa hasara, alilala hadi alfajiri.

Kama tatizo lingekuwa kuogopa mafanikio kwa jumla, kama vitabu vingi vya kujiendeleza vinavyosema, hata hela ya benki ingemtisha. Haikumtisha. Hofu yake ilikuwa na umbo dogo na kamili: chumba, giza, mali nyingi, kufuli.

Nilimuuliza kama anakumbuka stoo yoyote ya utotoni. Alinyamaza kwa muda, akasema atamuuliza shangazi yake.

Mwaka 1983

Vijana wanaosoma kisa hiki wanahitaji maelezo kidogo. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliiacha nchi imechoka. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na sabuni, sukari, khanga na mafuta ya taa vikawa vitu vya foleni. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi, yaani waliotuhumiwa kuficha na kulangua bidhaa, Bunge likapitisha sheria maalumu ya uhujumu uchumi, na likaundwa baraza la kusikiliza kesi hizo. Wapo wengi wanaomkumbuka Sokoine kwa upendo mpaka leo, kwa kuwa walikuwa wamechoka kuambiwa "hakuna" na watu waliokuwa wamejaza magodauni. Ni kweli pia kwamba wafanyabiashara wengi, wakubwa na wadogo, walitupa bidhaa usiku: porini, mitoni, vyooni.

Baba yake Bwana K. alikuwa na chumba nyuma ya duka chenye katoni za sabuni, magunia machache ya sukari na majora ya vitambaa. Kama alikuwa na hatia au la, sijui, na mtoto wa miaka saba hakujua. Kwa wiki nzima baba hakulala. Kisha usiku mmoja yeye na baba mdogo walichimba shimo nyuma ya choo, wakafukia vitambaa, na sukari wakaimwaga. Mtoto alipewa koroboi awamulikie. Aliambiwa asiseme neno na asilie.

Shangazi alithibitisha usiku ule na koroboi. Jambo ambalo shangazi hakulijua, Bwana K. alilisema mwenyewe, tena kwa sauti ya kawaida kabisa: "Asubuhi baba alicheka. Nilikuwa sijamwona akicheka wiki nzima. Kisha akalala mpaka mchana."

Nyumba ile haikuzungumzia tena jambo hilo. Neno "mhujumu" lilitajwa kwa kunong'ona. Miaka mingi baadaye, kwenye semina ya ujasiriamali, mkufunzi alimsikiliza Bwana K. akamwambia mbele ya wenzake: "Wewe unajihujumu." Hakurudi kwenye semina. Sisi wanasihi hulitumia neno hilo kwa wepesi, kama jina la ugonjwa. Kwa mtu huyu lilikuwa ndilo neno la shtaka. Nami nililiacha.

Kosa langu la pili

Siku aliyosimulia shimo na koroboi alilia, nami nikaamini kazi imekamilika. Chanzo kimejulikana, fundo limefunguka. Nilimwandalia vikao viwili vya kuagana.

Kabla ya kikao cha pili alikuwa ametoa mifuko 12 ya saruji kwa jirani, bila bei. Aliniambia maneno ambayo nimeyabandika juu ya meza yangu: "Najua inatoka wapi, dada. Mkono haujui."

Maamuzi na sababu zake

Tulianza na karatasi. Sehemu ya hofu yake ilikuwa na msingi wa leo, kwa kuwa baadhi ya mizigo aliinunua bila risiti na leseni ilikuwa imepitwa na wakati. Si haki kumwambia mtu aache kuogopa jambo linaloweza kumpata. Tulitumia mwezi mzima kuhuisha leseni, kuanza kutoa risiti za mashine kwa kila mauzo, na kukusanya stakabadhi za kila mzigo katika faili moja lililotundikwa ndani ya stoo, karibu na mlango. Alipenda sana faili lile. Alilishika mara nyingi kuliko ilivyohitajika, nami sikumkataza.

Kisha tukajenga ngazi. Joseph Wolpe, daktari wa Johannesburg, alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba hofu iliyozoezwa hupungua mtu akiikaribia kwa hatua ndogo huku mwili wake ukiwa umetulia. Bwana K. mwenyewe alizipanga hatua kumi. Ya kwanza ilikuwa boksi moja la misumari stoo, mchana, mlango wazi, mkewe yuko karibu. Ya tano: mifuko 50, mlango umerudishwa bila kufuli, jioni, akiwa peke yake. Ya kumi: stoo imejaa, kufuli limebana, naye amelala nyumbani mpaka asubuhi. Kila hatua ilirudiwa hadi jasho la viganja likauke palepale, bila mfuko hata mmoja kutoka. Sharti hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote. Hatua ya nne ilituchukua wiki tano.

Kwa mikopo tuliweka kanuni ya siku mbili. Ombi lolote la kukopa liliandikwa, na jibu likatolewa baada ya kulala nalo siku mbili, yeye na Mama T. wakiwa pamoja. Niliwaeleza ndugu wawili wakubwa ili wasidhani wamedharauliwa. Kutoa hatukukufuta. Bwana K. ni mtu wa watu, na wema wake haukuzaliwa na hofu peke yake, kwa hiyo tulitenga fungu la kila mwezi la kusaidia, kutoka mauzo ya mbele ya duka. Kama ningemkataza kutoa kabisa, ningemwondolea kitu kizuri kwa sababu tu kimekaa jirani na kibaya.

Aliomba Mama T. atunze ufunguo wa stoo. Nilikataa, na Mama T. aliniunga mkono. Kumpa mtu mwingine ufunguo kungekuwa njia nyingine ya kutoka chumbani.

Matokeo

Kufikia mwezi wa kumi na nne tangu hatua ya kwanza, stoo ilikuwa imejaa na kupungua mara tano, kila mara kwa wateja kununua. Mikopo ya bila maandishi ilikoma baada ya mwezi wa tatu. Usingizi umeboreka lakini haujawa wa kawaida. Msimu wa mzigo mkubwa bado huamka saa nane usiku mara moja au mbili kwa wiki, kisha hulala tena.

Mwezi wa tisa tulipata mtikisiko. Alihamia stoo kubwa zaidi, mtaa mwingine, yenye mlango wa chuma. Jasho lilirudi siku ya kwanza kana kwamba hatujafanya lolote. Siku ya tatu akakubaliana na dalali kuuza mabando 30 ya mabati kwa hasara. Alipofika nyumbani Mama T. alifungua daftari, akaandika ombi lile kama mkopo mwingine wowote, akasema, "Tunalala nalo, Baba T." Baada ya siku mbili Bwana K. alimpigia dalali akavunja makubaliano, kisha akanipigia mimi. Tulirudi hatua ya tatu, safari hii ndani ya stoo mpya, na tukapanda upya kwa wiki sita.

Uchambuzi

Mpango wa nidhamu ulishindwa kwa sababu ulimsukuma kwa kasi kuelekea kilekile alichokuwa akikikimbia. Kadiri alivyofaulu ndivyo hatari, kwa hesabu za mwili wake, ilivyomkaribia. Tukimwona mteja anaporomoka karibu na lengo, tena zaidi ya mara moja, tusiongeze lengo. Tutazame kwanza nini kinatulia siku ya kuporomoka.

Mwanasaikolojia wa Marekani O. Hobart Mowrer alieleza mwaka 1947 kwamba hofu za namna hii husimama juu ya mafunzo mawili. Kwanza kitu kisicho na madhara, hapa stoo iliyojaa, hufungwa pamoja na hatari. Kisha mtu hugundua kwamba kukikimbia kunampa nafuu, na nafuu hiyo inakuwa ujira unaomfundisha kukimbia tena. Kwa Bwana K. mafunzo yote mawili yalitolewa usiku mmoja, kwa mwanga wa koroboi, na ujira ulikuwa kicheko cha baba. Kila mara alipoondoa mali stoo alilipwa palepale kwa usingizi. Hasara ilikuja miezi baadaye. Mwili huamini kinacholipa usiku huohuo.

Ndiyo maana maarifa peke yake hayakutosha. Machozi yale yalikuwa ya kweli, na simulizi ya baba yake ilimpunguzia aibu, jambo kubwa kwa mtu aliyekuwa akijiona mjinga. Ila kitendo cha kutoa kilikuwa bado kinalipa. Tulipozuia malipo yale, yaani alipokaa na hofu mpaka ikashuka bila kutoa kitu, ndipo mkono ulipoanza kujua.

Mtikisiko wa mwezi wa tisa nilipaswa kuutarajia. Pavlov, mwanasayansi wa Urusi, aliona kwa mbwa wake kwamba jambo lililozoezwa likififia halijafutika, huweza kurudi. Miaka mingi baadaye mwanasaikolojia Mark Bouton alionyesha kwamba utulivu mpya hushikamana na mahali ulipofundishwa, ilhali hofu ya zamani husafiri na mtu. Sisi tulifundisha utulivu kwenye stoo moja tu. Leo ningefanya ngazi ile katika vyumba viwili au vitatu tangu mwanzo, hata kama kimoja ni cha kuazima.

Nilipima maelezo mengine pia. Wanasaikolojia Steven Berglas na Edward Jones walieleza mwaka 1978 jinsi mtu anavyojiwekea kikwazo mapema ili akishindwa apate kisingizio kinachomlindia heshima. Kwa Bwana K. hayakukaa sawa, maana yeye aliwaficha watu maanguko yake, wala hakuyatafutia kisingizio mbele yao. Niliangalia dalili za sonona, sikuziona za kutosha. Kumbukumbu ya 1983, ya mtoto wa miaka saba iliyosimuliwa akiwa mtu mzima, inaweza kuwa imeongezewa rangi, hata shangazi akithibitisha sehemu yake. Ngazi haikuitegemea. Ilijengwa juu ya jasho la viganja na saa za kuamka, vitu tulivyoviona wenyewe.

Jambo nililochelewa kuliona kuliko yote ni Mama T. Kwa muda wote huo nilimchukulia kama shahidi. Mwezi wa kumi, kwenye kikao cha wote wawili, alinyamaza muda mrefu kisha akauliza: "Meza ile ya misumari, unadhani ilikuwa inatoka wapi kila mara?" Ilitoka kwenye mchezo wake wa kuchangiana fedha kwa zamu na akina mama wenzake. Mara tatu alikuwa ametoa zamu yake yote ya mchezo kumwinua mumewe, na hakuna aliyeiandika popote. Msaada huo ulimwokoa mume, na ulifanya pia gharama ya kuanguka isimfikie sawasawa. Hakuwa akiomba kusifiwa. Alikuwa amekasirika, kwa haki, na kisa changu chote mpaka siku ile kilikuwa kimeandikwa kana kwamba aliyeumia ni mmoja.

Aliomba fedha zake ziingizwe kwenye daftari la madeni, jina lake likiwa la kwanza. Bwana K. aliandika kwa mkono wake, akipiga hesabu za 2008, 2013 na 2018, na mwezi uliofuata akaanza kulipa. Hadi ninapoandika amelipa miezi sita. Siku ya malipo huenda stoo pamoja wakahesabu mifuko. Mama T. hutangulia kutoka, mume anafunga kufuli, naye anamsubiri barabarani mpaka atakapoacha mwenyewe kulishika.